Mama ana baridi yabisi, daktari kataja dawa za kibayolojia. Bima inakwendaje? Tupo Kigoma

Mwalimu wa Kasulu
Habari wanajamvi. Mama yangu, miaka 58, anaishi Ujiji. Baridi yabisi imemkamata vidole vya mikono yote miwili, viwiko na magoti. Asubuhi hawezi kukamua kanga wala kufungua kifuniko cha chupa ya chai mpaka inagonga saa nne. Muda mrefu ameishi kwa diklofenaki na prednisoloni za duka la dawa. Tulipompeleka hospitali ya Bugando, Mwanza, kipimo cha damu cha anti-CCP, kinachosaidia kutambua baridi yabisi, kikaja juu, akaanzishiwa methotreksati, dawa ya kutuliza ugonjwa wenyewe. Daktari akasema isipomfaa, itabidi dawa ya kibayolojia (inayotengenezwa kwa chembe hai, si vidonge), yaani rituksimabu ya dripu.

Mama ana CHF iliyoboreshwa (mfuko wa afya ya jamii). Mimi ni mtumishi, nina NHIF (mfuko wa taifa wa bima ya afya), ila nafasi zangu nne zimejaa watoto. Ndugu wanataka tuuze kiwanja tununue dawa wenyewe. Naombeni mwongozo, hali yake inaniumiza sana.

Mzee wa Mwanga
Pole sana mwalimu. CHF ya mama mwisho wake ni hospitali ya rufaa ya mkoa, kwenu Maweni. Bugando haifiki.

NHIF ya mtumishi ni wewe, mwenza wako na wategemezi wanne, na wazazi wanahesabiwa humo humo pamoja na watoto. Kuna mtoto aliyekwenda chuo akakatiwa kadi ya mwanafunzi? Nafasi yake ndiyo ya mama. La sivyo, una kaka au dada aliyeajiriwa? Mama ni wake pia, amwandikishe yeye. Andaa cheti chako cha kuzaliwa chenye jina la mama na kitambulisho chake cha NIDA, uhakikishe majina yanafanana herufi kwa herufi. Zuhra huku na Zuhura kule ni kurudishwa dirishani. Na asije mtu akakushauri mama atumie kadi ya shangazi.

Mfamasia wa Reli
Mkuu, kiwanja msiuze. Rituksimabu ni dripu mbili zinazopishana wiki mbili, na ugonjwa ukirudi anarudia, mara nyingi baada ya miezi sita au zaidi. Adalimumabu, nyingine ya kibayolojia, ni sindano kila wiki mbili. Mkinunua dozi ya kwanza kwa kiwanja, ya pili mtauza nini?

Swali langu: methotreksati kaitumia muda gani, na kwa kiasi gani? Hii humezwa MARA MOJA KWA WIKI, tena na foliki asidi. Wapo waliomeza kila siku wakapoteza maisha, kwa hiyo mwandikie siku yenyewe kwenye boksi. Mwongozo wa madaktari unataka nafuu ionekane ndani ya miezi mitatu na ugonjwa utulie kufikia sita, ndipo uamuzi wa kupanda ngazi ufanyike.

Kabla ya kibayolojia kuna njia nyingine: methotreksati, sulfasalazini na haidroksiklorokwini kwa pamoja. Utafiti wa 2013 wa wagonjwa 353 ambao methotreksati peke yake haikuwatosha ulionyesha mchanganyiko huo haukuzidiwa na etanasepti, nayo ya kibayolojia, iliyoongezwa juu ya methotreksati. Ni vidonge, na bei yake haikaribiani na ya dripu. Muulizeni daktari kwa jina.

Ikibidi kibayolojia, apimwe kwanza TB na homa ya ini B. Kina adalimumabu huamsha TB iliyolala, na rituksimabu huamsha homa ya ini B. Sindano zinakaa nyuzi 2 hadi 8, sasa fikirieni safari ya treni kutoka Dar mpaka Kigoma. Hata kwa hilo tu, afadhali achomewe hospitali.

Mama Nzega
Mimi ni mgonjwa mwenzake, nipo Tabora. Faili ndilo lililoniangusha. Ombi langu la kibali cha bima kwa dawa hizi lilirudi kwa sababu fomu ilisomeka "maumivu ya viungo", basi. Hapakuwa na dawa nilizotumia, tarehe, wala viungo vingapi vimevimba. Daktari bingwa alipohesabu viungo 28, akaandika ESR (kipimo cha damu cha uvimbe mwilini), kila dawa na sababu ya kuiacha, ndipo lilipozungumzika. Dawa hizi zina ngazi ya kituo na ya daktari anayeruhusiwa kuziandika. Ulizeni dirisha la bima hapo hospitalini kama dawa yenyewe imo kwenye kitita cha sasa, yaani orodha ya huduma na dawa ambazo bima inalipia. Tangu Machi 2024 mengi yalibadilika, msitumie karatasi za zamani.

Mwalimu wa Kasulu
Asanteni sana wakubwa. Mama aliacha methotreksati baada ya miezi miwili tu, kichefuchefu kilimzidi, na hatukurudi kumwambia daktari. Mdogo wangu ni muuguzi Kibondo, ana watoto wawili, nimeshampigia, anatafuta cheti chake. Mfamasia, kichefuchefu kina dawa?

Mfamasia wa Reli
Kipo cha kufanya. Daktari anaweza kuongeza foliki asidi, kugawa dozi ya siku hiyo moja asubuhi na jioni, au kumpa ya sindano. Wengi hunywa usiku wakalala nacho. Asianze tena bila kupima damu na ini, na hiyo miezi miwili iandikwe kwenye faili ilivyokuwa.