Nimetumia dawa ya kifafa hadi wiki ya 9 bila kujua nina mimba, naombeni ushauri

mama_mtarajiwa
Habarini wapendwa. Nina kifafa tangu nikiwa na miaka 14, natumia sodiamu valproeti asubuhi na usiku. Siku zangu huwa zinayumba kwa hiyo sikushtuka zilipochelewa, juzi napima mkojo mistari miwili, kwenda utrasaundi naambiwa wiki 9 na moyo unadunda. Nimefurahi nusu saa tu, mana nilivyofika nyumbani nikakisoma kile kikaratasi cha ndani ya boksi kumbe dawa hii inadhuru mtoto tumboni. Wifi yangu anasema nizitupe zote leo leo. Nimeshika kidonge cha usiku mkononi tangu saa mbili sijui nimeze au niache. Ndo nimeshamharibu mwanangu??

bi_mwanaidi
Meza mdogo wangu, kwa hili wifi usimsikilize. Mimi mimba yangu ya kwanza niliacha dawa kimyakimya bila kumwambia daktari, nikajiona shujaa wiki tatu, siku hiyo nazinduka niko sakafuni bafuni maji yanafurika kwenye ndoo na tumbo la miezi minne nimelilalia. Mtoto alipona lakini ule woga sitausahau. Mama akianguka degedege hewa inapungua na kwa mtoto pia.

mkunga_zamu_ya_usiku
Pole sana dada. Kwanza hujamharibu mtu, ulikuwa unatibiwa. Ukweli ni kwamba kwa valproeti, kati ya watoto 100 kama 10 huzaliwa na kasoro kubwa ya maumbile, wakati kwa kawaida ni 2 au 3, na dozi ikiwa kubwa hatari inapanda. Inayoogopwa zaidi ni mgongo wazi. Mgongo hufunga karibu siku ya 28 tangu mimba itunge, yani kama wiki ya 6 kwa hesabu ya kliniki inayoanzia hedhi ya mwisho, kwa hiyo kwako hiyo hatua imeshapita na kuacha ghafla leo hakuurudishi nyuma. Ila ubongo unaendelea kujengeka mimba yote na dawa hii inaugusa, watoto 30 hadi 40 kati ya 100 huchelewa kuongea, kutembea au kujifunza, ndo mana nakwambia usisubiri tarehe ya kliniki, nenda wiki hii kwa daktari anayekupa dawa na boksi lako mkononi. Yeye ataangalia kama dozi ipunguzwe au uhamishwe taratibu kwenye dawa nyingine za kifafa kama lamotrijini au levetirasetamu, wengine zinawakubali wengine hapana. Muulize na foliki asidi, wenye kifafa huwa wanapewa ya miligramu 5. Halafu uombe kipimo cha damu cha AFP (protini ya mtoto inayopanda akiwa na mgongo wazi) kuanzia wiki ya 15 na utrasaundi ya kina kati ya wiki 18 na 22, mgongo, moyo, mdomo, vyote viangaliwe. Na mpimaji mwambie jina la dawa, asipojua anatafuta nini anaweza kupita juu juu.

baba_J
Naongezea hapo kwenye utrasaundi. Mtoto wetu alionekana ana mgongo wazi wiki ya 20, tulilia sana, ila kujua mapema kulitusaidia, tulipanga kujifungulia penye daktari wa upasuaji wa watoto na mtoto akafungwa mgongo siku ya pili. Sasa hivi anatembea na vyuma miguuni na anabishana na dada zake kutwa. Mke wangu hakuwa anatumia dawa yoyote, kwa hiyo dada usijibebeshe lawama.

mama_mtarajiwa
Nimesoma nalia. Nimemeza. Kesho asubuhi naenda na boksi, na wifi nimemwambia anisindikize asikie mwenyewe.