Alama ya kijani ya "Imethibitishwa", lakini saini ya DKIM ni ya kikoa cha kampuni

Wakuu, nimechoshwa na kampuni inayohifadhi vikoa (majina ya tovuti na barua pepe) vya wateja wangu, na safari hii sitaki kuambiwa tena nisubiri DNS (mfumo wa rekodi za vikoa) isambae. Rekodi zilishasambaa kitambo.

Jopo lao linaonyesha kijani kwa kila kikoa, SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma), DKIM (saini ya kidijitali ya barua) na DMARC (sera inayokagua hizo mbili dhidi ya anwani ya mtumaji) zote "Imethibitishwa", ilhali barua pepe zinaishia kwenye folda ya barua taka. Nilipofungua vichwa vya barua mojawapo (taarifa zake za kiufundi) upande wa mpokeaji nilikuta spf=pass, dkim=pass, kisha dmarc=fail. Anwani ya kurudishia barua ni ya kikoa cha kampuni, na d= ndani ya saini (kikoa kilichosaini) ni ya kikoa hicho hicho, wakati From (anwani ya mtumaji anayoiona msomaji) inamtaja mteja wangu. DMARC haijali kufaulu kwa kikoa cha mtu mwingine. Inataka kikoa kilichofaulu kilingane na kile anachokiona msomaji. Ufunguo wa mteja upo kwenye DNS, naam, ila seva yao haisaini chochote kwa ufunguo mwenzake wa siri. Kwa hiyo kijani chao kinathibitisha tu kwamba rekodi ipo, jambo ninalolijua kwa sababu niliiweka mwenyewe!

Huduma kwa wateja wakanishauri niongeze rekodi ya pili ya SPF. Hivi hawa wamewahi kusoma RFC 7208 ya mwaka 2014, waraka wa kanuni za SPF? Kikoa kikiwa na rekodi mbili za v=spf1, jibu ni permerror, yaani kosa la kudumu. Jibu ni hilo hilo maulizo ya DNS yakizidi 10, na include yao moja (agizo la kuingiza orodha ya seva zao), yenye nyingine kadhaa ndani yake, inamaliza sehemu kubwa ya kiwango hicho kabla mteja hajaongeza huduma yake ya majarida.

Nilipokataa, wakaniambia nishushe sera ya DMARC kutoka p=quarantine (barua zinazofeli ziende kwenye barua taka) hadi p=none (zisichukuliwe hatua), kama fundi aliyeshindwa kutengeneza kitasa akamshauri mwenye nyumba alale mlango wazi. Tangu Februari 2024 Google inawataka wanaotuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda Gmail wawe na SPF, DKIM na DMARC, na From ilingane na kimojawapo kati ya SPF na DKIM. Kampuni inayouza huduma ya barua haiwezi kudai haina habari.

Ninachodai ni kila kikoa kisainiwe kwa ufunguo wake, bila kuomba kimoja kimoja kwa tiketi. Anayemfahamu mtoa huduma anayefanya hivyo anitajie, nianze kuhamisha.