Naomba ushauri: Corolla AE110 kutoka auto kwenda manyuo, gia boksi C50 au C56?

Habari wakuu. Injini ni 5A-FE, tairi 175/65R14. Boksi zote mbili zinafunga kwenye injini za familia ya A, kwa hiyo kichwa kinaniuma kwenye ratio (uwiano wa gia) tu.

C50: gia ya kwanza 3.545, ya tano 0.815, diff (uwiano wa mwisho kwenda magurudumuni) 3.722. C56: ya kwanza 3.166, ya tano ileile 0.815, ila diff 4.312. Nimepiga hesabu kwa tairi hizo: kwenye 100 km/h gia ya tano, injini na C50 inazunguka kama 2,760 RPM (mizunguko kwa dakika), C56 kama 3,200. Hapo ndipo ninapoogopea mafuta na kelele safari ndefu. Kwenye kuondoka hazipishani sana (gia ya kwanza mara diff: 13.2 kwa 13.7), ila kuanzia gia ya pili C56 inavuta zaidi kwa karibu 16% au zaidi, na 5A-FE ikibeba watu watano mlimani inahitaji hiyo.

Vya kubadilisha navijua: flaiwili na bolti zake (za pleti inayokaa mahali pa flaiwili kwenye auto ni fupi, usizirudishe), klachi seti, pedali, masta na sleva za klachi, kebo za gia, pia kuunga waya wa swichi ya nyutro, la sivyo stata haizunguki.

Maswali: aliyefunga C56 kwenye 5A-FE, barabara kuu inachosha? Na je, diff ya 3.722 inaingia kwenye C56 bila kuchonga kitu? Ekseli (shafti za kwenda magurudumuni) za auto zinakaa, au nitafute za manyuo?