Gumzo la familia: ubani wa Salma kutoka Matrah

Zuhura: Assalaam alaykum nyote. Shangazi Rukia, shikamoo. Nimo Maskati hadi kesho usiku, na jioni hii nimo katika soko la Matrah nikitafuta mafuta ya ubani uliyoniagiza kwa ajili ya harusi ya Salma. Nimeyapata, lakini nimesita kuyanunua. Nilipopakwa mkononi sikusikia harufu ya ubani tunaoufukiza nyumbani, bali kitu cha baridi na chepesi kinachokaribia ganda la ndimu, na baada ya nusu saa kilikuwa kimeshapotea.

Shangazi Rukia: Waalaykum salaam, marahaba mwanangu. Hayo yamechanganywa. Wamekuona mgeni.

Zuhura: Nami nilidhani hivyo, shangazi, lakini muuzaji ni mzee aliyezaliwa Unguja, na alinieleza kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Anasema kuwa mafuta ya ubani hutolewa kwa mvuke, na mvuke huchukua sehemu nyepesi tu ya utomvu, ilhali sehemu nzito hubaki nyuma. Harufu tuliyokua nayo huzaliwa pale utomvu unapoungua juu ya kaa la moto. Ndiyo maana watengenezaji wa manukato huupa ubani wenza wazito, kama udi, sandali na ambari, ili ukae mwilini na ukumbushe moshi.

Mjomba Seif: Samahani kwa kuingilia. Tangu lini bibi harusi akanukia ubani? Ubani ni wa hitima na maulidi. Mwacheni mtoto avae kikuba cha asumini na mkadi, na nguo zake zifukizwe udi, watu wasije wakauliza nani amefariki.

Shangazi Rukia: Seif, hayo ni mazoea ya kwetu. Huko Oman mgeni hupitishiwa chetezo cha ubani ndevuni kwake kabla hajaondoka, na hakuna anayeuliza habari za maiti. Zuhura, je, hakuna manukato ya chupa yenye ubani ndani yake?

Zuhura: Yapo mengi. Niliingia pia katika duka la Amouage, kampuni iliyoanzishwa hapa Oman mwaka 1983, nikanusa manukato ambayo ubani umo pamoja na waridi. Ni mazuri mno, lakini nilipoiona bei niliirudisha chupa mahali pake kwa mikono miwili. Kwa mzee wa Matrah kuna mafuta yasiyo na spiriti, ya ubani uliochanganywa na udi na sandali, yanayouzwa kwa tola, yaani kipimo kidogo cha mafuta ya manukato. Alianza na rial 15, nasi tumefikia 11, ambazo ni kama dola 29 za Marekani. Nimepaka mkono wa kushoto tangu saa kumi na moja, sasa ni saa mbili usiku, na bado nayasikia, tena sasa ndipo yananukia kama baraza la bibi siku ya Ijumaa.

Shangazi Rukia: Hayo ndiyo. Usinunue kwa kunusa kizibo wala karatasi. Mkono wako umeshatoa hukumu. Chukua tola mbili. Na ubani wenyewe?

Zuhura: Amenionyesha wa aina kadhaa, wote wa Dhofar, kusini mwa Oman. Wa bei ya juu ni Hojari, wenye rangi nyeupe inayoelekea kijani, na wa bei nafuu ni wa rangi ya kahawia. Alinipa punje ya Hojari nitafune. Kwanza ilivunjika kama sukari guru, kisha ikashikana kama ulimbo, na mdomo ukabaki na uchungu mtamu. Anasema kuwa mti huchanjwa mara kadhaa, na utomvu wa chanjo la kwanza si wa kusifiwa; mzuri huja baadaye.

Shangazi Rukia: Chukua robo kilo ya Hojari. Makaa ya vidonge yanayowaka kwa haraka usiyachukue, kwa maana watakunyang'anya katika uwanja wa ndege; vifuu vya nazi ninavyo tele.

Zuhura: Nitafanya hivyo. Chupa za mafuta nitazibeba mkononi, kwani tola moja haifiki hata mililita 13, na kiwango cha ndege ni mililita 100 kwa kila chupa.

Salma: Assalaam alaykum, shikamooni wazee wangu. Nimesoma yote tangu mwanzo. Naomba mafuta yawe yangu ya baada ya harusi. Siku yenyewe nitavaa asumini kama asemavyo mjomba, na ubani uwekwe mlangoni kwa ajili ya wageni, kama asemavyo shangazi.

Mjomba Seif: Nimekubali, maadamu chetezo kitakuwa mlangoni. Zuhura, hapo Matrah halua ya zafarani wanauzaje?

Zuhura: Mjomba, mzee anafunga duka. Ngoja kwanza nilipe.