Viza, kibali cha kazi, kibali cha ukaazi: kipi kinatangulia?

Swali: Tunataka kumwajiri fundi kutoka nje. Hivi vitatu vinatofautianaje, na mdhamini ni nani?

Jibu: Viza ni ya kuingia nchini, kibali cha kazi ni cha kuajiriwa, cha ukaazi ni cha kuishi. Mdhamini kwa kawaida ni mwajiri mwenyewe. Nchi nyingi hutaka kibali cha kazi kipatikane kabla hajasafiri. Msimlete kwa viza ya utalii mkitumaini kuibadilisha. Mara nyingi hulazimika kurudi kwao kuanza upya.

Jibu: Kibali cha kazi mara nyingi huwa ni cha mwajiri mmoja na cheo kimoja tu. Cheo cha kwenye mkataba kikipishana na cha kwenye fomu, ombi huweza kukwama.

Jibu: Ada ya wakala wa ajira lipeni nyinyi, tafadhali. Pasipoti ya fundi abaki nayo mwenyewe.