Hewa ya ukaa: nchi zilinganishwe kwa kipimo kipi?

Mwalimu wa Moshi
Habari zenu, wanajukwaa. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne wanajiandaa kwa mdahalo kuhusu nchi inayochafua anga zaidi. Upande mmoja unaitaja China, ambako hutoka karibu theluthi ya hewa ya ukaa ya dunia itokanayo na makaa ya mawe, mafuta na gesi. Upande wa pili unaitaja Marekani, kwa kuwa mkazi wake huzalisha wastani wa tani 14 hivi kwa mwaka, ilhali wa China huzalisha takriban tani 8. Nitumie kipimo kipi kuwaamua?

Mkazi wa Njiro
Shikamoo, Mwalimu. Pande zote mbili zimeiacha historia. Sehemu ya hewa ya ukaa hukaa angani kwa mamia ya miaka, kwa hiyo joto la leo limetokana na moshi uliolundikana tangu mapinduzi ya viwanda. Kwa hesabu hiyo Marekani inabeba karibu robo ya mzigo wote, na Afrika nzima takriban asilimia 3. Kwa swali la nani alipe, kama lilivyojadiliwa kwenye mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa huko Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2022 ulipoafikiwa mfuko wa hasara na uharibifu wa kuzisaidia nchi zinazoumizwa na mabadiliko ya tabianchi, mimi ningeanza na kipimo hiki. Kwa swali la nani apunguze sasa, jumla ya kila mwaka haikwepeki, hata kama China haipendi kuisikia.

Mpagazi mstaafu
Mipaka nayo ina utata. Taarifa zinazopelekwa Umoja wa Mataifa huhesabu moshi pale unapotoka: chuma kikiyeyushwa China kwa ajili ya bidhaa inayouzwa Uingereza, deni hubaki China. Mafuta ya safari za ndege za kimataifa huorodheshwa kando, nje ya jumla ya nchi yoyote, hivyo safari inayomleta mtalii kutoka Amsterdam hadi uwanja wa ndege wa KIA kuja kupanda Kilimanjaro haimo katika jumla ya Uholanzi wala ya Tanzania.

Mwalimu wa Moshi
Marahaba, na ahsanteni nyote. Na sisi Watanzania tunasimama wapi?

Mkazi wa Njiro
Kwa mafuta, gesi na makaa ya mawe hatufikii hata nusu tani kwa mtu, Mwalimu. Hata hivyo takwimu hiyo haigusi misitu inayokatwa kwa mkaa na mashamba. Ukiihesabu, kiwango chetu kinapanda sana. Wanafunzi wakileta takwimu yoyote ya Tanzania, waulizwe kwanza kama misitu imo.