Mrejesho: Ndege ya rotari imeruka, oili imetulia

Wakuu, niliuliza kwa nini oili ya Mazda 13B, injini ya gari ya aina ya rotari (rota huzunguka badala ya pistoni) niliyoifunga kwenye ndege niliyoiunda hapa Dodoma, inapata moto kuliko maji ya kupozea injini. Mkuu mmoja alinifungua macho: kwenye rotari karibu theluthi ya joto linalopozwa hupitia kwenye oili, hivyo kipoza oili kinahitaji hewa yake ya kutosha. Nikaziba kwa mpira kila upenyo pembeni yake, hewa ipite katikati ya mapezi (vibati vyembamba) ya kipoza. Tundu la kutolea hewa nikalipanua.

Leo asubuhi imeruka! Ikipaa, mshale wa kipimo cha joto la oili ulipanda, maana mwendo ni mdogo na huku juu ya mita 1,100 hewa ni nyepesi. Nilipoilaza pua ndege iruke sawa, mshale ukashuka taratibu. Jua la mchana wa Oktoba bado sijaliamini. Asanteni mno.